Kitanda Kimoja

Jumamosi moja ya mwaka 2004, Suad na mpenzi wake Euphrasie, wote wanawake, walitoka Cardiff kwenda London kutazama michoro. Kwenye nyumba ya wageni walipokewa na mama wa makamo.

"Vitanda viwili?" aliuliza.

Kwa miaka mitatu Suad alikuwa akimwambia mama yake kwamba Euphrasie ni mwenzake wa kazini. Sasa alijikuta akijibu, "Kimoja."

Yule mama wa nyumba ya wageni akaandika bila kuinua macho. "Na asubuhi mnakula mayai?"

"Hatuli nyama, mayai wala maziwa," alisema Euphrasie.

"Basi nitawapikia maharage na uyoga."

Walipanda ngazi wakicheka mpaka Suad akaishiwa nguvu, akakaa chini. Kwenye michoro walifika alasiri, na leo Suad hakumbuki hata mchoro mmoja.