Mwezi wa Kadi Tupu

Wabunge walipogombana kule Washington juu ya bajeti na serikali ikafungwa, sisi huku Montana, kwenye ardhi ya kabila letu, hatukujali sana mwanzoni. Posta ilikuwa wazi, na wazee walipata pensheni zao kama kawaida. Kisha Novemba ikaingia, na kadi za chakula, zile ambazo serikali huwajazia pesa wenye kipato kidogo kila mwezi, hazikujazwa. Binamu yangu Janelle alifika kwa keshia na kikapu kimejaa, akapitisha kadi, mashine ikakataa. Akaanza kurudisha vitu rafuni kimoja kimoja, mtoto kiunoni.

Shangazi yangu Theda, mpishi wa shule, alikuwa nyuma yake. Alimlipia maziwa na unga, akatoka, akaingia kwenye gari langu.

"Nipeleke kwa Orrin," akaniambia.

Baba mdogo Orrin, mdogo wake Theda, ndiye mchungaji wa nyati wa kabila, wale nyati wa Marekani wenye manyoya mazito. Aliwapokea wakiwa wachache, wamekonda, wakitetemeka ndani ya malori, akawalea hadi wakawa kundi la kujivunia. Tulimkuta akifunga waya wa uzio, upepo ukimpiga usoni.

"Orrin, nataka nyati," Theda alisema.

"Wa nini, dada? Kwani unaozesha?"

"Watu hawana chakula."

Orrin aliweka koleo chini. "Baraza limesemaje?"

"Baraza nitaliambia kesho. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe ndiye utakayeumia."

Aligeuka akawatazama wanyama wake. "Nitachagua mwenyewe," akasema, "na nitapiga mwenyewe."

Baraza la kabila halikusumbua. Tatizo lilikuja mwenyekiti aliposema nyama ni ya wanakabila peke yao.

Theda akasimama. "Na watu wa mjini, ng'ambo ya reli?"

"Wale wazungu wana watu wao, Theda."

"Kadi zao zinajazwa na Washington kama zetu, na ni tupu kama zetu. Mimi sitasimama na kisu mkononi nikimwuliza mtoto ukoo wake."

Mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Hata wale walioandika barua kupinga nyati kuletwa? Nao wale nyama?"

"Wale tu. Wajue walikuwa wanapinga nini."

Ukumbi mzima ulicheka, na mwenyekiti akakubali.

Orrin aliwapiga nyati aliowachagua alfajiri, baada ya kutoa sadaka ya tumbaku na kusali, kila mmoja kwa risasi moja. Kisha akaketi peke yake garini na kahawa yake, na hakuna aliyemsogelea. Sisi tulibeba nyama hadi ukumbi wa michezo wa shule, tukatandaza karatasi juu ya meza, na Theda akatugawia visu. Foleni ilianza kabla hatujawa tayari.

Mchana akaingia Lyle Haugland, mfugaji wa ng'ombe wa ng'ambo ya reli. Sahihi yake ilikuwa ya kwanza kwenye ile barua, na kila mtu mle ndani alilijua hilo. Alikuwa ameshika kofia mkononi.

"Nimekuja kwa ajili ya binti yangu," alisema. "Yuko kwangu na watoto wake."

"Sijakuuliza," Theda alimjibu, akamwekea mbavu na kipande kinene cha paja.

Haugland hakuondoka. Alikuwa ananitazama nikikata.

"Unaliharibu hilo paja, binti," aliniambia.

"Basi vua koti," Theda akasema.

Akavua. Alikata nyama hadi giza likaingia, haraka na kwa unadhifu. Orrin alipoingia na kumwona pale, alisimama mlangoni. Nilidhani kutakuwa na maneno.

"Haugland."

"Orrin." Mzee alifuta kisu kwenye aproni. "Wamenona kuliko ng'ombe wangu. Na sitalirudia hilo mahali pengine popote."

Orrin akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka siku ile.

Serikali ilifunguliwa katikati ya mwezi, na kadi zikajazwa. Siwezi kusema Haugland aligeuka mtu mwingine. Majira ya kuchipua alilalamika tena kwamba uzio wetu umelegea, na alisema kweli. Orrin alikwenda kuukaza, na yeye na Haugland walikaa kule siku nzima.

Mwandishi wa gazeti alikuja kumwuliza Theda ilikuwaje. Alimwambia nyama ilitosha, akamwelekeza kwa Orrin. Mimi nilikuwepo siku ile ya kugawa. Nyama ilitosha kwa sababu Theda mwenyewe alirudi nyumbani na mifupa mitupu, akaichemsha na vitunguu, kisha akatuma watu wamwite Janelle na wanawe waje wale naye.