Uso Wangu Uko Huku

Mwanga unaingia kwa dirisha lililo nyuma yangu, unapita begani kwangu, unakuangukia wewe mapajani mwangu. Ndani yake linaelea vumbi la kahawa iliyoanikwa uani, na wewe, mwanangu, unalitazama vumbi. Vumbi! Nimekubeba miezi tisa, nimekuzaa kwa shida, nakunyonyesha hadi mgongo unaniuma, nawe macho yako yote ni kwa vumbi.

Nitazame basi. Uso wangu uko huku.

Ukichoka na vumbi, unapanda juu. Unatazama ukingo wa kilemba changu, taratibu, kutoka sikio hili mpaka sikio lile, kama fundi cherehani anayekagua pindo. Halafu unarudia. Ninatabasamu, wewe uko kwenye kilemba. Ninatoa ulimi kama mwendawazimu, wewe uko kwenye kilemba. Ningejua utakipenda hivi, ningekuachia kilemba, mimi nikalale.

Nesi wa kliniki alikumulika macho, akacheka. "Mazima haya, mama. Wachanga huanza na kingo, pale nywele zinapoanzia, pale kidevu kinapoishia. Mwezi wa pili ndipo wanaingia kwenye macho ya mtu. Vumilia." Nimevumilia. Mwezi wa pili umefika, umekaa, sasa unaaga, na wewe bado unanizunguka tu.

Na wageni, ndio usiseme. Wanapanda mlima hadi huku Kilema na kuku na maziwa, wanampa bibi yako shikamoo, wanakuinamia, wanaanza kukugawa. "Pua ya kaka yangu Kastori hii," anasema wifi yangu Zita. "Na paji la marehemu babu yake! Jamani, hata kidevu ni cha hapa hapa." Jina walishakupa la bibi yako, Lukresia, kama desturi inavyotaka, wala sikubisha. Lakini hata sikio? Hata sikio moja la Mwika, nilikotoka mimi, halikupatikana? Nami nimekaa hapo hapo, nimekushika, mtori wangu wa ndizi na nyama unapoa, na hakuna anayeniuliza.

Nitazame, Lukresia. Nakuomba, nitazame.

Kwa sababu naogopa. Nalisema wazi, kwa kuwa huwezi kunisengenya. Naogopa hunijui. Naogopa kwamba kwako mimi ni maziwa na joto tu, na siku nikikuweka mikononi mwa Zita utashika kilemba chake uridhike.

Mzazi wa huku hukaa ndani miezi mitatu. Halimi, hatoki, anakula mtori na kunenepa. Hilo sina ugomvi nalo. Lakini kiti! Kiti alikiweka mama mkwe mwenyewe siku ya kwanza, mgongo dirishani, uso ukutani. "Upepo wa mlima usimpige mtoto," alisema. "Wewe ndiye ukuta wake." Nikakaa, nikawa ukuta, asubuhi mpaka jioni.

Jumamosi baba yako alirudi kutoka kazini kwake Bomang'ombe, akatoa simu atupige picha. Akapiga, akaitazama, akapiga tena. "Mama mtoto, geuka basi. Naona kilemba tu. Uso wako giza tupu."

Nikamnyang'anya simu. Kweli. Dirisha linawaka nyuma, ukingo wa kilemba unang'aa kama umechorwa, na katikati, nilipotakiwa kuwepo mimi, hamna kitu. Kumbe siku zote hizo nakununia kwa kutotazama uso usioonekana! Hasira ikanipanda upya, na safari hii sikujua hata niipeleke wapi: kwa mama mkwe, kwa upepo, au kwangu mimi niliyeketishwa nikaketi.

Nikainuka nawe kifuani, nikakikokota kiti kwa mkono mmoja. Kikakwaruza sakafu, mama mkwe akaja mbio kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"Wewe, unafanya nini? Mtoto atapigwa na baridi!"

"Mfunike, mama. Mfunike unavyotaka. Lakini leo naligeukia dirisha."

Baba yako akajitia anashughulika na simu yake. Mama mkwe alinitazama sana, na nikajua nitakuja kusemwa mbele ya ukoo mzima. Kisha akajifungua khanga ya mabegani, akakufunika mgongo, akabaki amesimama, amenuna.

Mwanga ukanipiga usoni hadi nikafumba macho. Nilipofumbua, ulikuwa umeshaanza safari zako. Kilemba, sikio, kilemba. Nikasema moyoni, basi, nimeshindwa mimi.

Halafu ukasita. Ukateremka kwenye paji la uso wangu, polepole, ukapita kwenye nyusi, ukafika machoni mwangu, ukatua. Nikangoja uondoke. Hukuondoka. Ulikunja uso wako mdogo, ukanikazia macho bila haya, kama anavyotazamwa mtu aliyeingia bila kupiga hodi.

Malalamiko yote niliyokuwa nimekuwekea yakaniponyoka. Nikalia, na hasira zangu bado ninazo, nikalia mbele ya mama mkwe na mwiko wake, na wewe ukaendelea kunitazama tu.

"Haya," nikakwambia. "Tujuane basi. Mimi naitwa Hilda. Mama yako ndiye mimi."