Ijumaa Isiyo na Soko

Bouyssou anadai kwamba yeye alikwenda tu kurudisha ngazi. Ilikuwa Alhamisi, saa tatu na robo asubuhi, mwezi wa nne, na ngazi yenyewe aliiazima kwa jirani yake Josette Vialard tangu wakati wa kupogoa miti ya matunda. Anasema aligonga mlango wa jikoni, akasikia "pita", akapita, akakuta foleni ya watu watano mbele yake. Hakuwajua. Kwa kuwa yeye ni mtu mwenye adabu, hakuwauliza wanatafuta nini jikoni kwa watu. Alijipanga nyuma yao na ngazi begani. Mama mmoja aliyeingia baada yake na kikapu akamwambia, "Mzee, ngazi yako itanitoa jicho. Nunua au toka." Zamu yake ilipofika alinunua kuku wa kuchoma na viazi vyake, akaiegemeza ngazi nyuma ya mlango, akaenda zake nyumbani. Yule kuku, anasema, alizidi chumvi kidogo.

Bouyssou ni mtu wa kuongeza, kijiji chetu kizima cha Montrazel kinajua. Lakini kuhusu Alhamisi ile hakuongeza kitu. Lilikuwa soko la Villefranche, linalofanyika kila Alhamisi asubuhi uwanjani mbele ya kanisa, mwendo wa nusu saa na zaidi kwa gari kutoka kwetu. Siku hiyo kipande chake kilikuwa jikoni kwa Josette, kati ya jiko na kabati la vyombo.

Chanzo chake ni safari. Mwezi wa tatu, Corinne, binti pekee wa Josette, alipiga simu kutoka Toulouse.

"Mama, mwaka huu tunakwenda kweli. Siku nne, mimi na wewe na gari. Panga wewe, uniandikie kwenye karatasi. Nikipata likizo tu, tunaondoka."

Ahadi hiyo ilikuwa na umri wa miaka minne. Corinne aliitoa siku waliyomzika baba yake, wakiwa bado na makoti mwilini, na kila mwaka baridi ilipokatika aliisogeza mbele kidogo. Hakuwa mwongo. Alikuwa anachoka.

Josette hajawahi kuendesha gari. Aliyeendesha ni marehemu Gaston, mumewe, na Gaston alikuwa na tabia moja: hasimami. Miaka arobaini Josette alikaa upande wake na ramani mapajani, wakipita kwenye miji midogo siku za soko, naye akaona dirishani miavuli ya rangi, vikapu, watu wakionjeshwa jibini kwenye ncha ya kisu. Akisema, "Gaston, tusimame hapa," Gaston alimjibu vizuri kabisa, "Tutasimama tukirudi." Wakirudi ilikuwa saa tisa, saa kumi. Masoko ya huku hufungwa saa saba mchana. Kwa hiyo masoko yote ya pande hizi Josette anayajua kwa majani ya saladi yaliyobaki chini, na kwa wanaume wa manispaa wakiosha uwanja kwa mpira wa maji.

Basi alikaa kupanga. Alitandaza ramani juu ya kitambaa cha plastiki mezani, akachukua karatasi ya mistari ya mraba na penseli, akachora safu nne. Ugumu wa safari ya masoko ni kwamba kila mji una siku yake, na siku hazijali barabara inapita wapi. Alhamisi, Villefranche. Jumamosi, Figeac. Jumapili, Saint-Antonin. Hapo hapakuwa na shida. Ijumaa ndiyo iliyogoma. Soko la Ijumaa alilolijua yeye lilikuwa Prayssac, ng'ambo ya Cahors, na kulifuata kulimaanisha kuvuka wilaya nzima na kurudi.

"Iruke," Bouyssou alimwambia siku hiyo akinywa kahawa yake. "Ijumaa haina kitu."

"Siwezi kuiruka. Iko katikati."

"Basi iandike hivyo. Andika, hakuna."

Josette alifikiri, akaandika neno moja: barabara. Halafu akabaki ameliangalia. Ijumaa wangetoka Villefranche wakielekea Figeac, na kati ya miji hiyo hapakuwa na saa ya kuwahi wala kitu cha kununua. Wangekwenda taratibu. Wakiona mto Lot unang'aa chini ya miti, wangesimama. Wakiona mbuzi wazuri, wangesimama. Wangekula mkate na soseji milango ya gari ikiwa wazi, na kama hawana la kusema wasingesema. Alitia mstari chini ya neno lile. Akaandika saa za siku nyingine, wauzaji aliotaka kuwaona na vitu alivyotaka kuvinunua, akaibandika karatasi kwenye mlango wa friji ili asiisahau Corinne akipiga.

Alhamisi iliyofuata, saa mbili asubuhi, mwanamke wa jibini ya mbuzi aliingia na meza yake ya kukunja, akauliza umeme uko wapi. Nyuma yake akaja mwenye kuku na mtambo wake wa kuchomea, kisha kijana wa stroberi, kisha wanunuzi. Josette alipowaambia kwamba hapa si Villefranche, mwanamke wa jibini alikwenda kwenye friji, akaweka kidole kwenye karatasi.

"Tumeandikwa hapa, bibie. Alhamisi, saa mbili. Au mwandiko huu si wako?"

Mwandiko ulikuwa wake. Akawaonyesha umeme.

Jumamosi ilikuja Figeac, na zeituni, na vitunguu vichanga, na mtu mmoja wa kunoa visu. Jumapili ikaja Saint-Antonin na mikate mikubwa inayouzwa kwa kupimwa. Saa saba walifunga, wakafagia, wakatoka kwa mlango wa jikoni wakigeukia upande wa zizi, na hakuna aliyewahi kuwaona barabarani.

Montrazel haina duka. La mwisho lilifungwa, na mwoka mikate alikuwa ameshaondoka kabla yake, kwa hiyo watu hawakuuliza mengi. Wiki ya pili walikuja na vikapu. Wiki ya tatu akaja meya mwenyewe, akapima upana wa mlango kwa hatua zake, akasema hana neno mradi malori yasizibe njia ya kwenda bombani. Alipoambiwa hakuna malori, alisema hivyo ni vizuri zaidi. Akaagiza kibao, kikapigiliwa kwenye nguzo ya geti: Soko, Alhamisi, Jumamosi, Jumapili.

"Umetuokoa, Bi Josette," meya alisema akionja soseji. "Tumeandika barua kuomba hata gari moja la mkate lipite. Wewe umeandika karatasi moja tu."

"Ile ni karatasi ya safari yangu," Josette akasema.

"Na safari njema," meya akasema, akaomba akatiwe kipande kingine.

Ijumaa haikuja. Josette aliipa nafasi. Ijumaa ya kwanza alioga mapema, akavaa koti lake la kijani, akakaa kwenye kiti cha jikoni na mkoba mapajani, uso umeelekea mlangoni. Alisubiri hadi saa sita. Akapita postamani, akapita paka wa Bouyssou. Ijumaa ya pili alifungua na dirisha, isije ikawa inashindwa pa kuingilia. Ya tatu hakuvaa koti, lakini alikaa.

Corinne aliposimuliwa kwenye simu aliuliza:

"Yamekuja yote?"

"Matatu."

"Nitakuja Jumamosi nione."

Corinne ni mwalimu wa udereva. Kutwa nzima, siku sita kwa juma, anakaa kwenye kiti cha abiria kando ya watu wasiojua kuendesha, miguu ikining'inia juu ya pedali zake, akiwazungusha kwenye mizunguko ya Toulouse. Mwaka huu mwenzake mmoja aliacha kazi na wanafunzi wake wakaangukia kwake. Alifika kwa mama yake saa nne, amepungua, akapenya kati ya watu, akambusu mama mara mbili, na kabla hajavua koti akanunua zeituni nyeusi na kopo la siagi.

"Tamu," alisema, akatema kokwa kiganjani. "Mama, lakini ni tamu kweli."

"Ndizo za Figeac."

"Najua ni za Figeac, nimeona kibao pale mezani." Alivuta kiti, akakaa, akatazama jikoni yote, mizani, turubai, foleni iliyofika hadi uani, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi sasa twende kutafuta nini? Villefranche imekuja. Figeac hii hapa. Kesho nani?"

"Saint-Antonin."

"Umeona? Watu wanaendesha nusu siku kufuata haya. Wewe unayapata ukiwa na kandambili."

"Binti anasema kweli, bibie," mwuza zeituni akadakia. "Na kule kwenyewe pa kuegesha hakuna. Utazunguka mpaka useme heri ningelala."

Watu kwenye foleni wakacheka. Josette alimpa mtu chenji yake iliyodondoka chini ya meza, akajifuta mikono.

"Ijumaa haijaja," akasema.

"Ijumaa kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Corinne aliinuka akasoma karatasi kwenye friji. Alisoma safu ya pili mara mbili. "Umeandika barabara."

"Ndiyo."

"Mama." Alisema kwa upole, kama anavyosema na wale wanaozimikiwa na gari kwenye mwinuko. "Barabara ndiyo kazi yangu. Kila siku nakaa na mtu anayetaka kuniua, na mimi namwambia, vizuri sana, hebu rudia. Nikipata siku mbili sitaki hata kuona usukani. Kama masoko yasingekuja ningekupeleka, haki ya Mungu. Lakini yamekuja."

"Yamekuja," Josette akakubali.

"Hasa. Sasa tunakaa hapa, tunakula vizuri, tunaongea. Si ndiyo ulichotaka?"

Josette alitaka kujibu, lakini mwenye kunoa visu aliomba ndoo ya maji, na aliporudi Corinne alikuwa ameshalala kwenye kochi la chumba cha pili, kopo la siagi kifuani. Josette alilitoa, akalifunika, akaketi kwenye ukingo wa kochi. Kelele za Figeac zilipita mlangoni bila kumwamsha. Kila baada ya muda mguu wa kulia wa Corinne ulikanyaga hewa, kwa nguvu, mara moja, mara mbili, kisha ukatulia. Josette alihesabu mpaka akaacha. Akauvua kiatu. Mguu uliendelea kukanyaga.

Corinne alilala hadi jioni. Walikula supu, wakaongea habari za mabomba ya maji ya nyumba ya Toulouse, akalala tena.

Jumapili Saint-Antonin ilijaa kuliko kawaida, kwa sababu kijiji cha jirani nacho kilishapata habari. Bouyssou aliwekwa mlangoni kupanga foleni, kazi aliyoipenda, na kila aliyeingia alimwambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza, na ngazi begani. Saa sita kasoro Corinne alisema lazima aondoke kabla barabara kuu haijajaa. Josette alimfungia mkate nusu na miche ya nyanya, akamsindikiza hadi kwenye gari.

Lilikuwa gari la shule ya udereva, kwa kuwa la kwake liliharibika gia na hajapata nafasi ya kulipeleka. Juu lina ile alama ya mwanafunzi, na chini ya kiti cha abiria lina pedali za pili. Josette aliinama kuweka miche sakafuni, akaziona. Aliigusa mojawapo kwa mkono.

"Hii inafanya nini?"

"Hiyo breki. Mwanafunzi akikosea, mimi nasimamisha."

"Hata kama yeye hataki?"

"Hata kama hataki. Ndiyo maana yake." Corinne alicheka kidogo, akawasha gari. "Usiibonyeze mama, utaichafua na udongo."

Josette aliihamishia miche kiti cha nyuma, akaifungia mkanda ili isianguke. Akafunga mlango. Akazunguka hadi dirisha la binti yake, ambalo lilikuwa wazi, akashika ukingo wake kwa vidole vinane.

"Corinne. Hizo siku tatu za soko zibaki hapa, wenzangu wanazihitaji. Nipe Ijumaa tu. Siyo lazima mwezi huu. Wewe uendeshe, mimi nikae upande huo wenye breki."

Jikoni mwuza mkate aliuliza kwa sauti kama kuna mwingine, na Bouyssou akamjibu wapo kumi na wawili.

Corinne alitazama kioo cha katikati, akatazama kioo cha kushoto, kisha akageuza shingo akatazama nyuma, kama anavyofundisha. Josette akatoa vidole. Corinne aliwasha taa ya indiketa, ingawa barabara ya Montrazel ilikuwa tupu pande zote mbili, akasubiri kidogo, akaingia barabarani taratibu. Indiketa haikuzimwa, naye kila siku huwakumbusha wanafunzi kuizima. Ilikuwa bado inawaka na kuzimika gari lilipofika penye kona.