Mafuta ya Motokari ya Courant

Muji yetu ya Kamina yote ilikuya kuona motokari ya courant, ya umeme, ya ndugu yangu Kabeya. Ninasema yote, juu hata bale benye habatusalimie balisimama mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu. Ilishuka ku treni ya Lubumbashi, nyeupe, na wakati Kabeya aliiwasha hakuna kintu ilisikilika. Miye niko mwanamuke wa soko, nauzisha bitenge, najua makelele ya kila mashini ya huku, na ile siku nilibakia kinywa wazi. Ilipita mu muchanga, tunasikia tu mawe madogo chini ya mipira ya magurudumu. Mama mumoja alifanya alama ya musalaba. Sikumucheka, juu mukono yangu pia ilikuwa inapanda.

Kabeya alitumika miaka mingi mu mine, mugodi ya Kolwezi, na alitoka na ile motokari, na panneaux ya jua ya kuilisha, basi. Nyumba hana. Analala kwangu, mu chumba ya batoto, miguu inapita kitanda. Alitaka tubebe bintu yetu ya soko bila kulia kila asubui juu ya bei ya mafuta.

Kisha asiransi, bima ya motokari, ilitushangaza kupita motokari yenyewe. Aliponiambia bei, nilimuuliza kama alinunua motokari ya pili, ameificha wapi.

"Yaya Ntumba," ananiambia miye dada yake, "batri njo motokari. Ikiumia, huku hakuna muntu wa kuitengeneza. Banaitoa yote, banatia mupya, na batri mupya inakaribia bei ya motokari nzima. Njo maana banaogopa. Njo maana banalipisha vile."

Asiransi ya bei ndogo inalipa tu bantu benye utagonga. Yako ikikufa, utalia peke yako. Kabeya alitaka ile kubwa. Nilimutukana vizuri, kisha niliongeza makuta, feza yangu ya bitenge, juu ya yake. Ningefanya nini? Ni ndugu wa tumbo moja na miye.

Hata hatukumaliza kuizoea, jirani yetu Baba Umba alikufa, ule muzee mwenye alitumika ku treni. Kwetu, mwenye motokari habamuombe: siku ya kuzika anatokea. Kabeya alitokea. Alibeba bazee na bamama benye habawezi kutembea, anaenda ku makaburi, anarudi, anaenda tena. Na mwenye kubebwa siku ya matanga anatia mafuta, maana yake anaacha makuta kidogo mu mukono ya chauffeur, mwenye kuendesha. Si bei. Ni kusema mufu wetu haiko muntu wa bure. Ukikatala, umemutukana mbele ya bantu.

Kabeya alijaribu kukatala. "Mama, hii motokari hainywe mafuta."

Mama Émerence, mujane mwenyewe, alimuangalia na macho yenye kuvimba. "Njo kusema bwana yangu hafikie hata kopo moja ya mafuta?"

Kabeya alipokea. Akisha kupokea yake, alipokea ya bote.

Wakati wa kurudi, pale tunavuka njia ya treni, reli ilikuwa imetokeza juu ya muchanga. Tumbo ya motokari iliigonga. Hakuna moshi, hakuna kelele. Taa moja nyekundu tu, kisha kila kintu ilinyamaza. Tuliisukuma mupaka nyumbani na nguo yetu ya matanga, na hapo njo nilijua uzito wa batri.

Benye asiransi balituma Bwana Matthias kutoka Lubumbashi. Nilikuwa tayari kumuchukia. Lakini aliunganisha ordinateur, kompyuta yake, na motokari, na motokari, yenye tulizania imekufa, ilisema yote. Ilipita wapi, mulango gani ilifunguka, kiti gani ilikaliwa, reli iliigonga wapi. Tulikuwa tunakaa ndani ya kintu yenye inatuangalia, na hatukujua.

"Hii inafanana kazi ya taxi," Matthias anasema. "Enda, rudi, biti yote inajaa. Na contrat, mapatano ya asiransi, inakataza kubeba bantu ya kulipa. Kama ilikuwa bure, tunalipa batri yote. Kama balilipa, hatulipe hata kidogo. Ordinateur inaona biti, haione mikono. Njo maana nauliza: balilipa?"

Miye nilifungua kinywa ya kusema hapana, na ningeisema bila kupepesa jicho, Mungu anisamehe. Lakini Mama Émerence alikuwa ameingia mu lupango ile saa, na kitambaa yake nyeusi ku kichwa. Alisikia tu mwisho: muntu wa Lubumbashi anauliza kama bantu balilipa siku ya kuzika bwana yake.

"Baba," anasema, "usitufanye bantu ya bure. Tulilipa. Kila muntu mwenye alipanda alitia mafuta. Hata Mama Abigaïl mwenye haone. Nani alikuambia Umba alibebewa bantu bure?"

Alisimama wima, muguu ndani ya muchanga, na hata Matthias alivua kofia.

"Mama," anamuambia polepole, "pengine ilikuwa zawadi? Kisha, siku ingine, juu ya mapendo?"

Niliona anatufungulia mulango. Roho yangu ilirudi.

"Zawadi ya nini?" Mama Émerence alikasirika. "Siku ile ile. Mu mukono. Juu ya safari."

Matthias aligeukia ndugu yangu. "Ni kweli?"

Ingetosha Kabeya aseme mama anachanganya mambo, kilio ingali mu kichwa. Nani angekatala kuamini? Miaka yake yote ya Kolwezi ilikuwa pale, imelala ku mipira yake ine. Alimuangalia ule mama kwa murefu.

"Ni kweli," anasema. "Balilipa. Bote, na balilipa vizuri."

Matthias alifunga ordinateur, alitupatia mukono, alienda.

Miye niko na ulimi, soko yote inajua. Ilikuwa tayari inatoka: mama, umetuua. Kabeya aliniangalia mara moja tu, na nilimeza. Mupaka leo sijui alitoa wapi ule moyo. Tulinyonya titi moja, na miye sina.

Mama Émerence alipanguza machozi. Uso yake ilikuwa imetulia, mara ya kwanza tangu kifo.

"Sasa hata ku Lubumbashi banajua," anasema. Kisha aliangalia motokari. "Na hii, banaitengeneza lini, mwana yangu?"

"Hivi karibuni, mama," Kabeya anamujibu. Alimushika mukono, na balienda kwa miguu mupaka kwake.