Kikombe Alichokiruka Zilpah

Jumapili tatu mfululizo Zilpah aliruka kikombe cha ushirika, na majirani wakajua sababu kabla ya mwenyewe kuulizwa: muuguzi amesilimu. Ushahidi si huo? Nguruwe hali. Dukani kwa Kinsi, mama Msomali wa mtaani, husimama akisoma pakiti za biskuti neno kwa neno akitafuta jelatini, ile ya mifupa na ngozi za wanyama, kama Mwislamu yeyote makini. Sasa hata divai anakataa. Wakristo wa bara waliohamishiwa Garissa ni wachache, lakini midomo yao haina breki.

Ukweli ulikuwa mwingine kabisa. Mwaka ule wa ukame, akifanya kazi zahanati ya Balambala, Zilpah aliona mifugo ikifa njiani mpaka akala kiapo: chochote kitokacho kwa mnyama hakitapita tena kooni mwake. Akaacha nyama, maziwa, mayai. Kisha mpwa wake wa Nairobi akamwandikia kwamba divai nyingi husafishwa kwa ute wa yai, maziwa, au kibofu cha samaki. Kibofu cha samaki, jamani, kwenye kikombe cha Bwana! Akinywa, amevunja kiapo. Asipokunywa, kila Jumapili anarudi nyumbani kama mtu aliyefukuzwa mezani.

Uvumi ukafika Machakos. Alhamisi mumewe Mutuku akapiga simu, sauti kavu, akasema anakuja Jumamosi ili waende kanisani pamoja. Hakuuliza kitu. Hilo ndilo lililomkata Zilpah maini.

Alipiga picha chupa ya kanisa, lakini lebo haikusema lolote kuhusu kusafishwa. Ijumaa asubuhi akampelekea Kinsi picha hiyo na kumweleza yote. Kinsi akasema astaghfirullah, kisha akaivuta simu karibu aone vizuri. Yeye, alisema, pakiti haziamini. Akitaka habari za jelatini huwapigia watengenezaji wenyewe, na nambari yao ile pale chini. Zilpah akaona haya kupiga. Kinsi akapiga mwenyewe, spika wazi, wateja wamejaa dukani.

"Hiyo difai yenu," akauliza, "mnasafisha na nini? Kuna kitu ya mnyama ndani?"

Mtu wa upande wa pili akaenda kuuliza, akakawia, akarudi. Hawatumii yai wala samaki wala maziwa. Wanatia udongo mweupe, unashuka chini na uchafu, basi.

"Udongo tu," Kinsi akamwambia. "Kama sisi tukitia shabu kwa maji ya mto, uchafu inashuka. Mimi sinywi, abaayo, dada yangu, lakini wewe kunywa."

Zilpah aliketi juu ya gunia la mchele akalia kwa furaha, bila kujali nani anamtazama.

Jumapili kikombe kilipomfikia alipiga funda moja. Mutuku, kando yake, akashusha pumzi hata mama wa mbele akageuka. Nje ya kanisa Zilpah alimsimulia kila kitu, cha kibofu na cha udongo. Mutuku akacheka mpaka akafuta macho, kisha akatoa karatasi mfukoni mwa koti, imelowa jasho. Cheti chao cha ndoa.

"Nimekibeba toka nyumbani," akasema. "Sijui nilitaka kumwonyesha nani."

Zilpah akakikunja akakitia mkobani. Halafu wakaenda kumshukuru Kinsi, ambaye tangu Ijumaa wateja walikuwa wakimuuliza ameanza lini kunywa.