Selotepu Sita za Dada Herieth

"Upepo huu wa Wachina hauna ubavu wa kunivua kofia, seuze kunitisha!"

Pandu aliyasema hayo kasimama katikati ya mgahawa wa Bi Mwanahija, mtaa wa Dengfeng, mdomo umejaa chapati ya mtu mwingine. "Mimi nimechapwa migomba Mwaka Kogwa kule Makunduchi na sikutoa chozi. Kimbunga kikifika Guangzhou, kitauliza kwanza kama nimo."

Watu wakaangua kicheko, huku simu zao zikilia kwa pamoja: tahadhari nyekundu. Kesho mchana kimbunga kinaingia, treni zinasimama, kila mtu akae ndani.

Dada Herieth, mfanyabiashara wa Kahama, hakucheka. Alikuwa na marobota kumi na mawili ya mabegi ya shule kwenye stoo, chini kabisa ya jengo hilo hilo, walimopanga yeye na Pandu, na jioni ile ile ilimbidi aende Foshan kufuata mzigo uliobaki. Kontena linapakiwa Ijumaa. Begi likilowa hapa, likakaa mwezi mzima baharini, Kahama linafika limeota uyoga.

"Kaka Pandu, maadamu wewe huogopi," akamtupia mfuko, "selotepu hizo sita. Nailoni imo stooni. Yafunge marobota yangu, uyapandishe juu ya meza. Nikiyakuta makavu, ile mashine ya kufulia ya mama yako inasafiri kwenye kontena langu, bure."

Pandu alikaribia kupiga magoti. Mashine ile ilikuwa chumbani kwake, ghorofa ya nane, mwezi wa tano sasa ikisubiri nauli ya meli, anakula ugali juu yake kama meza.

Asubuhi alitoka kweli. Alifika mpaka kwenye lifti. Hapo ndipo upepo ulipopiga mluzi kwenye tundu la ngazi, na Pandu akakumbuka kwamba dirisha lake halina hata mstari mmoja wa selotepu. Majirani wote walikuwa wamebandika alama ya iksi kwenye vioo. Akarudi. Moja tu, alijiambia, tano zinatosha kwa marobota.

Ya kwanza ikaisha kwenye kioo. Ya pili pia, maana iksi ya kwanza ilionekana nyembamba. Ya tatu ikazunguka fremu. Ya nne ikaziba tundu la feni ya bafuni. Ya tano na ya sita zikaishia mlangoni, juu, chini na pembeni, mpaka chumba kikafanana na robota lenyewe.

Saa saba mchana mbingu ikageuka rangi ya chai iliyochacha. Bango la duka likapita dirishani likiruka kama karatasi. Pandu akaingia bafuni kwa magoti, kakumbatia mto, beseni kichwani.

Ko, ko, ko.

Akaganda. Tangu lini upepo ukabisha hodi?

"Mei you!" akapiga kelele. Ndilo neno wanalomrushia wauzaji wa maduka ya Yide Lu kila akiulizia bidhaa iliyokwisha. Hakuna! "Mei you! Mei you!"

Kukabishwa tena. Na tena. Kisha kimya, na mvua.

Kesho yake alikata selotepu za mlangoni kwa kisu cha vitunguu, akashuka ngazi mbio. Stoo ilijaa tope, ukutani maji yameacha mstari usawa wa goti. Na juu ya meza, yamepangwa vizuri, yamefunikwa nailoni za maua na kufungwa kamba: marobota kumi na mawili. Makavu!

Pandu akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakuna mtu. Akakunja suruali, akachota tope, akajipaka mpaka magotini. Akafikiri kidogo, akajipaka na begani.

Mchana ule Herieth alikuwa karudi, na Pandu yuko mgahawani, hadithi yake imefika robota la tisa.

"Hapo maji yananifika kifuani, dada! La kumi na mbili nimelibeba kichwani huku naogelea!"

"Si mstari wa maji kule stoo umeishia gotini?" mtu akauliza.

"Goti la nani?"

Herieth macho yalikuwa yamemlowa. "Mungu akubariki, kaka. Mashine ya mama inaondoka Ijumaa." Akaketi karibu naye. "Ila selotepu zangu sikuziona. Na zile nailoni za maua umezitoa wapi?"

"Selotepu zilikwisha. Upepo ule! Nikajiongeza."

Bi Mwanahija akaweka bakuli la supu mbele yake. Ndipo Pandu alipoona kwamba meza za mgahawa leo ziko wazi, mbao tupu, hazina zile nailoni zake za maua.

"Marobota tuliyapandisha wawili, mimi na mlinzi wa jengo," alisema mama yule, kama anayesimulia bei ya nyanya. "Mgongo ukanishinda. Lifti imezimwa, nikapanda ghorofa nane kwa miguu kumwita kijana mwenye nguvu. Nimebisha mara tatu."

"Labda nilikuwa chini, Bi Mwanahija. Napambana na maji."

"Labda. Maana aliyenijibu alisema mei you." Akajifuta mikono kwenye khanga. "Ila mwanangu, mwaka wa kumi na moja huu niko Guangzhou, sijapata kusikia Mchina mwenye lafudhi ya Makunduchi."

Herieth akanyoosha mkono, akabandua kipande cha selotepu kilichoganda kisogoni mwa Pandu. Akakitazama kwa muda.

"Dada," Pandu akasema taratibu, "na ile nafasi ya mashine..."

"Mei you," akajibu Herieth, akavuta lile bakuli la supu upande wake.