Taulo Juu ya Televisheni

...na kama ni vidole viwili tu vilivyopungua, vidole viwili vya mtu mzima, basi fundi seremala alipima nini asubuhi, na ule utepe wake aliouvuta kwa mbwembwe mpaka ukalia, akaandika kwenye kipande cha boksi, akasema inapita mama, tena itapita inacheka, na sasa ndiyo hii, imekwama mlangoni, nusu sebuleni nusu barazani, na yeye mshonaji, mwanamke wa miaka hamsini na kidogo aliyeacha gauni la mwalimu chini ya sindano likiwa na mkono mmoja, ameibeba upande wa ndani, magoti yamekunjika, na upande wa nje ameibeba kaka yake, ambaye uso hauonekani kwa sababu televisheni nzima na kabati lake la mbao imesimama katikati yao, vinaonekana vidole tu, vinne huku, vinne kule, vimeng'ang'ania ukingo, vina mabaka ya kuungua, mabaka ya tanuri la mikate, miaka arobaini ya tanuri... usiviangalie. "Msiishushe," fundi akasema, ameshachuchumaa karibu na miguu yake na bisibisi mkononi, "mguu wa nyuma umelegea, ukigusa chini unakatika. Shikilieni hivyo hivyo niutoe mlango kwenye bawaba, dakika mbili tu." Dakika mbili za fundi, nani asiyezijua, mtu anaweza kuzaa na kulea ndani ya dakika mbili za fundi. "Baba yenu aliiingiza yeye na mchukuzi mmoja," mama akasema kutoka kwenye kiti chake, kwa ile sauti ya mzazi anayeona wanawe wamelegea, na kaka akajibu kutoka nje, "Wakati huo palikuwa na pazia, mama, mlango uliwekwa baadaye." Kweli bwana, mlango uliwekwa kwa ajili yake, kwa kuogopa wezi, mlango umekuja kwa sababu ya televisheni na leo televisheni haitoki kwa sababu ya mlango, angekuwa na pumzi angecheka, lakini pumzi hana, na lazima itoke, mama hawezi ngazi tena, kitanda chake kinashushwa sebuleni leo, na pa kukiweka ni pale pale ilipokaa yenyewe, sakafuni kumebaki madoa manne ya miguu yake minne, na uani mnunuzi anasubiri, msichana mwenye miwani mipana, ameegemea gari lake la mizigo, ndiye aliyesema, wala hakusema kwa ubaya, "Vya ndani tutavitupa, mama, sisi tunataka kabati tu, tutalitia rafu za viatu." Viatu. Ndani ya ile. "Uko sawa huko?" kaka akauliza. "Niko sawa," akasema.

Hayuko sawa, ataanzaje kuwa sawa, televisheni imelalia upande wake, ubao wa juu uko shubiri moja kutoka puani mwake, na macho hayana pa kwenda ila pale pale asipotaka yaende, kwenye ile alama nyeupe, ndefu, iliyokunjamana pembeni, alama ambayo mama aliifunika kwa kitambaa cha kufuma miaka yote hii akidhani ni ya sufuria ya moto, na juu ya kitambaa ikaja kukaa televisheni mpya, nyembamba, nyeusi, imepanda mgongoni kwa hii marehemu kama mjukuu asiye na adabu, na leo vyote vimeondolewa, alama iko uchi, mchana kweupe, na ni ya kwake... fikiria kingine. Fikiria ilivyokuwa ikiwaka. Ile nayo ilikuwa televisheni, hizi za leo ni vioo vya ukutani tu. Unabonyeza, halafu unasubiri, haikuwa na haraka na mtu, sauti inatangulia, mtangazaji anaongea gizani kama anayevaa suruali, halafu mwanga unapanda polepole, halafu uso, na harufu ya vumbi la moto na vanishi inajaa chumba kizima, na kitufe cha kuzungusha, tak, tak, tak, ulikuwa unasikia mkononi kwamba umebadilisha kitu, na kile kitambaa cha spika cha rangi ya asali alichokuwa akikipapasa kwa kidole, labda ndicho kilichomtia kwenye ushonaji, nani ajuaye, na ile karatasi ya plastiki ambayo baba aliibandika kwenye kioo, bluu juu, kijani chini, ili wapate rangi, wakawa wanaona watu wenye mapaji ya uso ya bluu na magoti ya kijani na wanashukuru, na ukizima inabaki nukta moja nyeupe katikati ya kioo, yeye na kaka waliiangalia mpaka inakufa, wakishindana nani ataiona mwisho, na kaka alikuwa akimwachia ashinde. Siku zote alikuwa akimwachia. "Skrubu zimekula kutu," fundi akasema. Nani asiyekula kutu. Na milango miwili ya mbao mbele ya kioo, na ufunguo mdogo uliokaa kwenye mfuko wa shati la baba, baba karani wa posta, mtu wa muhuri na utaratibu, kazini unakwenda naye, nyumbani unarudi naye, na akirudi, kabla ya viatu, kabla ya salamu, anaweka kiganja juu ya televisheni, kimya, kama daktari na homa, apime kama kuna aliyeiwasha. Sasa hapo ndipo wao wawili walipoonyesha akili, kama ile ni akili, yeye akifungua kufuli kwa sindano ya kufumia ya mama, akiwa na miaka tisa, mwizi kamili, na nusu saa kabla ya baba wanaizima, wanatandaza taulo bichi juu ya ubao, la bluu, la mama, lililokamuliwa vizuri, wanapepea, wanakausha, baba anaingia, anaweka kiganja, baridi, anasema, "Leo mmesoma," na kaka anainamisha uso kwenye daftari asicheke.

Mwaka mzima walifanya hivyo, mwaka mzima, na kaka mwenyewe hakuwa akiona kitu, hiyo ndiyo inayomuuma zaidi, mtaa mzima mpaka leo unamwita Antena, wateja wa mikate wanamwita Antena bila kujua ni kwa nini, kumbe ni kwa sababu picha haikukaa ila yeye akiwa juu ya bati ameushika mlingoti kwa mikono yake miwili, akiuachia tu theluji inaanguka kwenye kioo, kwa hiyo yeye mdogo mtu huku chini anapiga kelele dirishani, bado, bado, rudi kidogo, hapo hapo, usiachie! na kaka juani, ana miaka kumi na minne, ameshika, anaangalia paa za watu, na mchezo ukiisha anashuka na shingo iliyoungua na kusema, "Haya, nihadithie," na yeye anamhadithia, na chumvi anatia, wengine aliwaua ambao hawakufa. Halafu fundi wa televisheni, mzee mmoja wa sanduku la valvu, zile taa za kioo za ndani ya televisheni, aliyekuwa akimpa kaka kioo cha kujitazamia akishike mbele ili yeye akiwa nyuma aione picha, alimwambia baba, "Huyu nipe, mkono wake umetulia, nitamfundisha," na baba akakubali, ikabaki kumaliza mtihani tu, na kaka akaanza kukusanya redio mbovu chini ya kitanda, akilala anazisikia zinakuna godoro, akawa anatembea kama mtu aliyekwisha kuajiriwa. "Mikono imeanza kufa ganzi," kaka akasema sasa kutoka nje, anacheka, "mwambie fundi wako aharakishe, mikate yangu iko kwenye moto." Fundi wake, tangu lini awe fundi wake. Usifike kwenye ile siku. Imekwisha kufika. Ilikuwa sehemu ya mwisho, yule mama wa kwenye mchezo aliyemtafuta pacha wake mji hadi mji, na treni inaingia kituoni, na wote wawili wako pale, mmoja huku mmoja kule, hawajaonana, na saa ya baba imefika, anajua imefika, na hawezi kuzima, atazimaje, basi akawa na lake kichwani, akalichovya taulo na kulileta hivyo hivyo linachuruzika, hakulikamua, alitaka ipoe huku inawaka, hebu ona akili za mtoto wa miaka tisa, akalitandaza juu mpaka nyuma, kwenye yale matundu yenye moto zaidi, macho yake kwenye treni... na wakati ule ule kaka juu ya bati akamwona baba anakata kona, akaachia mlingoti ili aruke kuja kumwonya. Sauti kama ya kuku aliyekanyagwa. Nukta. Hata nukta haikukaa. Harufu ya nywele zilizoungua, na yeye na taulo lake nyuma ya pazia la jikoni kabla hata hajafikiri, na kaka amesimama hapa hapa, chini ya fremu hii hii, mweupe, akasema kabla hajaulizwa, "Baba, ni mimi. Niliuachia. Waya umegusa bati." Na yeye aliyekuwa na maneno mawili tu ya kusema akafyata ulimi. Yule mzee wa valvu alikuja baada ya siku tatu, kila kitu kimekauka, akachungulia, akasema imepata shoti, haiponi, na baba akasema mkono ulioshindwa kushika waya ataufundisha nini tena huyu mzee, akazitoa redio zote chini ya kitanda, na mtihani ulipokwisha kaka akapelekwa kwenye tanuri la mikate. Hakulia. Mwaka uliofuata alikuwa na baka la kwanza.

Na mpaka leo habadilishi balbu, Antena mzima, baba wa watoto watano, balbu ikiungua anamwita jirani, anasema mimi na umeme hatupatani, anasema huku anacheka na watu wanacheka naye, na yeye dada mtu anacheka pia, amecheka kicheko kile miaka arobaini na miwili... siku ya kumzika baba alitaka kusema, akajiambia si siku yake, na siku ya harusi ya kaka si siku yake, na siku kaka alipomwachia chumba cha mbele aweke cherehani, bila hata kuombwa, akajiambia nitasema kesho, kesho ikazaa kesho nyingine, na leo ile alama inatoka kwenda kupigwa msasa na msichana mwenye miwani, wakishapiga msasa imekwisha, hakuna duniani atakayejua isipokuwa yeye, na hapo, na hilo ndilo linalomwogopesha, kuna kipande ndani yake kinachofurahi, kinachomwambia fundi moyoni harakisha, harakisha itoke. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Kumbe ndiyo maana alikuwa wa kwanza kukubali iuzwe. Kumbe hakuwa akimfikiria mama na ngazi zake hata kidogo, au alikuwa akimfikiria, lakini si kwanza. "Bado moja tu," fundi akasema, "ila hii imekaa vibaya." "Mdogo wangu," kaka akasema kutoka upande wa pili wa mbao, sauti imekaribia, ameegemeza paji la uso kwenye kabati bila shaka, "yaani leo tena nimeishika na sioni kitu. Hivi yule mama alimpata pacha wake kweli? Uliniambia walikumbatiana pale kituoni." Alimwambia hivyo, kweli, wiki ile ile, kaka akiwa hali chakula, akamwambia walikumbatiana na watu wote wakapiga makofi. "Sikuona," akasema. "Nini?" "Sikuona mwisho, kaka. Ilizimika kabla treni haijasimama. Nilikuwa nimeweka taulo na inawaka, sikulikamua, maji yakaingia nyuma. Niliyaona yakiingia. Si waya. Si wewe uliyeiua, ni mimi." Yametoka, yote, mbele ya mama na mbele ya fundi aliyesimamisha bisibisi, yametoka kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeagiza uzi dukani, na dunia haikupasuka, mlango uko pale pale, skrubu iko pale pale, alama ya taulo iko pale pale, ila sasa anaweza kuiangalia. "Lile la bluu," mama akasema polepole, si kwa mtu yeyote, "mimi nikawa nashangaa linanuka moshi." Vidole vinane havikusogea, mabaka yake yote anayaona na hayakimbii tena kwa macho, na kama sasa ataachia, kama ataondoka zake na tanuri lake na kumwacha na mzigo huu kifuani, ana haki, ana haki zaidi ya wote waliomo humu ndani, na mikono yake mwenyewe imekwisha, inateleza jasho, kona ya televisheni imeanza kushuka, na hapo akahisi uzito unapungua kidogo, upande wa pili umeinuka, mtu amevuta pumzi na kuuchukua. "Usiachie," kaka akasema. Na fundi akairudia ile skrubu ya mwisho, na wao wakaendelea kuishika.